Kona za Fundi Ramji

Nila alikuja nyumbani kwangu Mukurweini mwezi wa pili, kwa gari la kukodi kutoka Nyeri mjini, na kabla hajakaa akaniambia kwamba baba yake amefariki. Alisimama mlangoni, mwanamke wa miaka sitini na kitu, amevaa koti zito la baridi ya nchi nyingine, akinitazama kama mtu anayetafuta sura anayoijua ndani ya sura asiyoijua. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa msichana wa shule mwenye nywele za mkia mmoja mrefu. Mke wangu alileta chai na viazi vitamu, akamkaribisha, kisha akatuachia sebule. Kiswahili cha Nila kilikuwa kimebaki pale pale alipokiacha, Kiswahili cha jikoni kwao, na alikizungumza polepole kama anayetoa vyombo kabatini kimoja kimoja. "Baba nakufa wiki ya Krismasi," alisema. "Hapana gonjwa sana. Nalala tu, asubuhi hapana amka." Nikamwambia pole. Nikamwambia baba yake alikuwa mwalimu wangu, na kwamba kila nilichokula katika maisha yangu kilitoka katika kile alichonifundisha. Akasema anajua, na kwamba ndiyo sababu amesafiri. Kulikuwa na swali nililotaka kumwuliza tangu alipoingia, nalo nimelibeba tangu nikiwa na miaka ishirini na sita.

Mwaka ule uhuru ulikuwa na miaka kumi hivi. Nilikuwa mwashi, na mwashi mzuri, lakini wa mawe na plasta tu. Hospitali moja ya misheni nje ya mji wa Nyeri ilikuwa inajengewa chumba kipya cha upasuaji, na kuta zake zilitakiwa zivikwe vigae vyeupe kutoka sakafuni mpaka juu ya mlango. Kazi ya vigae wakati huo ilikuwa ya Wahindi. Kontrakta alimleta Fundi Ramji, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likiwaka, na mimi nikapewa kazi ya kumsaidia kwa sababu msimamizi wetu, Gachanja, alisema nina mkono mtulivu. Kwa wiki kadhaa nililoweka vigae ndani ya mapipa ya maji, nikachekecha mchanga, nikapaka saruji nyuma ya kigae na kumkabidhi. Halafu habari ikaja kwamba vigae vya ukingo wa mviringo, vile vinavyowekwa kwenye kona zinazotokeza nje, havijaonekana bandarini na hakuna anayejua vitaonekana lini. Daktari mkuu, mwanamke mrefu Mzungu aliyekuwa akitembelea jengo kila asubuhi na buti zake za mpira, alisema hawezi kungoja. Akina mama walikuwa wanapasuliwa katika chumba cha zamani chenye mbao zilizooza, na wawili walikuwa wamekufa kwa vidonda kuingia uchafu tangu mvua zianze. Akaweka kiganja chake kwenye kona tupu ya dirisha, akasema, "Fanyeni mnavyojua. Lakini sitaki nione mahali ambapo uchafu unaweza kujificha."

Ramji alisema tutavikata mshazari. Nitaeleza, kwa maana siku hizi vijana wana mashine inayofanya hivyo kwa dakika moja na hawajui mkono ulikuwa unafanya nini. Kigae cha ukutani kina uso wa kung'aa, mgumu na mwembamba kama ganda la yai, na nyuma yake kuna mwili wa udongo uliochomwa, ulio laini zaidi. Vigae viwili vikikutana kwenye kona inayotokeza nje, kimoja lazima kionyeshe ubavu wake, ule udongo usiong'aa, na hapo ndipo maji na damu vinapoingia. Dawa yake ni kuukata ubavu wa kila kimoja kwa ndani, mshazari, ili nyuso mbili nyeupe tu ndizo zikutane, kama kurasa mbili za kitabu. Tulifanya kwa jiwe la kunolea, jeusi, la ukubwa wa kipande cha sabuni, na ndoo ya maji. Unalisukuma jiwe kutoka usoni kwenda nyuma, kisha unaliinua na kuanza tena. Ukilirudisha likiwa limegusa, uso unamegeka vipande vidogo kama meno ya panya, na kigae kimekwisha. Usiukate ukingo mpaka uwe wembe, kwa sababu wembe huvunjika. Acha unene wa unywele. Halafu nyuma ukate zaidi kidogo kuliko unavyodhani inatosha, ili saruji ipate nafasi ya kukaa. Siku ya kwanza niliharibu vigae tisa. Ramji alivipanga vyote tisa kwenye dirisha, akavitazama kwa zamu. "Wewe nasukuma jiwe kama nasukuma ng'ombe," alisema. "Hii hapana adui yako. Enda, inua. Enda, inua. Hapana rudi." Baada ya kuweka kona alikuwa akipitisha ukucha wa kidole gumba kutoka juu mpaka chini, na ukucha ukikwama mahali, aling'oa vigae vyote viwili hata kama saruji ilikuwa imeanza kushika.

Ramji na familia yake walikaa mjini, nyuma ya duka la vifaa la binamu yake, katika nyumba ndefu yenye ua wa saruji iliyosuguliwa mpaka ikawa laini kama sahani. Kwa sababu kontrakta alitupa mapumziko marefu mchana, Ramji alikuwa akirudi kwake kula, na kuanzia mwezi wa pili wa kazi hiyo alinichukua. Mwanzoni nilikula nje, kwenye benchi chini ya dirisha la jikoni, na sahani yangu ilikuwa ya bati, mbali na za wengine. Sikuona ajabu; ndivyo mambo yalivyokuwa, na nilikuwa na githeri yangu, mahindi na maharagwe, kwenye mkebe pia. Mkewe, niliyemwita Mama kama alivyoniambia, alikuwa akinipa chapati nyembamba kama kitambaa, dengu za manjano na achari ya embe iliyonitoa machozi. Siku moja ya mwezi wa saba, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa na baridi ilikuwa inauma mifupa, akafungua mlango akasema, "Muriuki, kuja ndani. Huko nakufa." Nikaingia. Jiko lilikuwa dogo, kuta zimepakwa rangi ya kijani mpaka kifuani, na pembeni kulikuwa na rafu yenye picha ya mungu wao na ua moja. Nilikaa kwenye kigoda karibu na makaa. Nila, aliyekuwa amerudi kutoka shule, alinitazama miguu na kucheka kwa sababu soksi zangu zilikuwa za rangi mbili. Kutoka siku hiyo sikula nje tena, na sahani yangu ilianza kuoshwa pamoja na zao. Mama aliionja githeri yangu, akasema inakosa chumvi na karibu kila kitu kingine.

Kazini mambo hayakuwa matamu. Mafundi wengine walikula chini ya kibanda cha mabati, na siku ambazo nilibaki nao nilisikia mazungumzo yao. Hakuna aliyemchukia Ramji kwa jina. Lakini watu walikuwa wamechoka. "Ati tutakorogea Muhindi simiti mpaka lini?" mmoja alisema. "Uhuru ilikuja, na mwiko iko kwa mkono ile ile." Gachanja, ambaye baba yake alikuwa amefungwa kambini na wakoloni wakati wa hali ya hatari na akarudi bila kuweza kushika jembe, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema tu kwamba Ramji alipewa miaka miwili achukue uraia kama wengine na hakuchukua, na kwamba mtu hawezi kukaa na mguu mmoja huku na mwingine London. Nilimwuliza Ramji jambo hilo tukiwa tunasugua. Alisema ile miaka miwili alikuwa na kazi nyingi, Karatina, Nanyuki, Meru, na alidhani karatasi ni karatasi tu. "Mimi nazaliwa Nyeri," alisema. "Nani nauliza mtu nazaliwa hapa yeye ya wapi?" Sasa alihitaji kibali cha kufanya kazi, nacho kilikuwa kinaisha mwezi wa kumi. Nilielewa pande zote mbili, na kuelewa kwangu hakukunisaidia kitu. Nilikuwa na mkono ambao kufikia mwezi wa tisa ulikuwa unakata kigae ambacho Ramji alikipitishia ukucha na kukirudisha bila neno, na kwake hiyo ilikuwa sifa. Nilitaka kuitwa fundi. Nilitaka mtu mwingine aniloweshee vigae.

Afisa mmoja wa vibali alikuja kutoka Nairobi siku ambayo Ramji mwenyewe alikuwa amekwenda Nairobi kufuatilia kibali chake. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti ya kijivu na viatu vilivyojaa udongo mwekundu wa njia ya hospitali, na aliketi ndani ya stoo yetu juu ya mfuko wa saruji uliotandikwa gazeti. Gachanja aliniita.

"Wewe ndiwe unafanya na huyu fundi wa tailsi?" afisa aliniuliza.

"Ndiyo, bwana."

"Kazi yake nimeambiwa ni ya ujuzi maalumu. Ati hakuna mwananchi anaiweza. Wewe unaiweza?"

Nimejiuliza mara nyingi kama ningejibu, "Bado kidogo." Lingekuwa jibu la kweli pia. Kulikuwa na kona za ndani ya dirisha, zile ambapo vigae vitatu vinakutana mahali pamoja, ambazo Ramji alikuwa hajanionyesha. Lakini Gachanja alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake wengine wawili, na nilijua neno lolote nitakalosema litatafunwa pamoja na chakula cha mchana.

"Naiweza," nilisema.

"Onyesha."

Nikachukua jiwe la Ramji, kwa sababu langu mwenyewe sikuwa nalo. Nilikata vigae viwili mbele yao, enda, inua, enda, inua, na mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, jambo ambalo mpaka leo linaniudhi. Niliviweka kwenye kona ya chumba cha kunawia mikono. Afisa hakujua kutumia ukucha, aliitazama tu kona, akasema, "Safi." Kisha akaandika kwenye karatasi ya mstari na kunipa niweke sahihi. Ilikuwa kwa Kiingereza. Watu wa rika langu husema hatukujua tulichotia sahihi, na wengi wanasema kweli. Mimi nilisoma mpaka darasa la nane. Niliisoma karatasi yote, ikasema kwamba mimi, mwananchi wa Kenya, nina uwezo kamili wa kufanya kazi iliyokuwa inafanywa na mtu fulani, na jina la mtu huyo lilikuwa limeandikwa vizuri. Nikaandika jina langu chini yake. Gachanja alinipiga bega. Jioni hiyo mafundi walinunua mandazi, na mmoja akaniita Fundi, na nilifurahi. Siwezi kuandika habari hii na kulificha hilo.

Barua ilimfikia Ramji baada ya wiki tatu. Aliisoma mezani, mchana, kofia ikiwa kichwani. Alimsomea mkewe kwa lugha yao, nami kati ya maneno hayo nilishika mawili tu, kibali na London. Mama aliacha kupindua chapati, ikaungua, na moshi ukajaa jikoni mpaka Nila akaenda kufungua mlango. Kisha Ramji akanigeukia, akanifafanulia kwa Kiswahili, kwa adabu, kama mtu anayemweleza mgeni kwa nini chakula kimechelewa. Walikuwa wamepewa wiki sita waondoke nchini. "Wao nasema hapa iko mtu," alisema. "Iko mwananchi najua hii kazi. Nani? Mimi najua fundi yote, hapa mpaka Nanyuki. Hapana ona moja." Alifikiri kidogo. "Labda mtu ya Nairobi."

Nilikuwa na kipande cha chapati mkononi. Nikasema, "Labda."

Hilo ndilo neno. Ile karatasi ya afisa ninaweza kuitetea mbele ya mtu yeyote. Haikuwa na uongo mkubwa, na nchi ilikuwa na haki ya kutaka mikono yake yenyewe. Neno hili moja siwezi. Nililisema nikiwa nimekaa karibu na makaa yao, na nikamalizia chakula.

Siku chache baadaye Ramji alikwenda tena Nairobi kukata rufani. Akarudi, akasema haikufaa. Asubuhi iliyofuata alinifundisha kwa namna ambayo hakuwahi. Mwanzoni alikuwa ananionyesha jambo anapofika kwenye jambo hilo. Sasa alilianza jengo zima upya kwa ajili yangu. Alinionyesha kona ya vigae vitatu, nayo ilinichukua siku nne kuipata. Akanionyesha namna ya kugonga kigae kwa kucha na kusikiliza kama nyuma yake kuna uwazi. Akanifundisha kuokoa kona iliyomegeka, na kugawa ukuta kabla ya kuanza ili usiishie na kipande chembamba kando ya mlango. Aliniambia makosa aliyofanya Meru, na ya baba yake kabla yake. Alikuwa na haraka, na haraka yake ilinitisha. Nilipokosea alishika kifundo cha mkono wangu na kukisukuma yeye mwenyewe. "Tena," alisema. "Tena. Hii mimi hapana acha nusu." Kila mchana tulikwenda kwake. Nyumba ilikuwa inapungua, kabati limeuzwa, kisha kiti, kisha meza, mpaka tukawa tunakula tumeketi sakafuni sote, na masanduku yamepangwa ukutani. Mama hakusema nami sana tena. Alinitilia chakula, akakaa mbali kidogo, akanitazama nikila. Nilidhani ni huzuni ya safari. Mara kwa mara Ramji alimaliza kula na kubaki amekaa, mikono juu ya magoti, kama anayengoja gari, na mimi nilitazama sahani yangu. Nilikuwa nikijiambia nitasema kesho, tukiwa wawili tu kazini. Kazini nilijiambia nitasema mchana, Mama naye asikie.

Waliondoka kwa pikapu ya binamu yake, asubuhi ya mvua nyepesi. Nilisaidia kupakia masanduku. Ramji alizifunga zana zake zote kwa magazeti, mwiko, koleo na timazi, na jiwe ndani ya soksi, akaziweka katika mfuko wa mkononi ambao hakutaka uwekwe nyuma. Aliniambia niende taratibu na ukuta wa mashariki, kwa sababu haukuwa wima. Hicho ndicho kitu cha mwisho alichoniambia. Nilimaliza chumba kile peke yangu, mwezi mmoja na siku kadhaa, na daktari akapitisha kiganja chake kwenye kila kona na kunishukuru. Akina mama walianza kupasuliwa humo kabla ya Pasaka. Nimeweka vigae kutoka Karatina mpaka Nanyuki kwa miaka thelathini na minane, nimefundisha watu wengi, na hakuna hata mmoja niliyemweleza kwa nini nilipewa kazi ile.

Kwa hiyo Nila alipoweka kikombe chini, nilimwuliza. Nilimwuliza kama baba yake alijua ni nani aliyetia sahihi.

"Baba najua," alisema. "Nairobi, ile siku ya rufani, wao naonyesha yeye barua. Jina yako iko chini."

Nilihesabu. Ile siku ya rufani. Kwa hiyo zile wiki zote za mwisho, kona ya vigae vitatu, makosa ya baba yake, mkono wake juu ya kifundo cha mkono wangu, alikuwa anajua. Nila aliona ninavyohesabu. Akaacha Kiswahili cha jikoni, akatafuta maneno yake kwa Kiingereza, taratibu, ili nisikose hata moja. Alisema baba yake alirudi kutoka Nairobi akamwambia mama yake kwamba serikali imeandika Muriuki anaweza. Naye Ramji aliona kwamba Muriuki bado hawezi vizuri. Na chumba kile ni cha kupasulia watu. Mama yake alitaka nisije tena nyumbani. Baba yake akasema nitakuja, na nitakula, na huenda siku moja nitasema mwenyewe. "Kila siku ukishaondoka," Nila alisema, "Mama alimwuliza, amesema? Na Baba akajibu, bado."

Nilimwuliza kama baba yake aliweka vigae huko alipokwenda. Alisema hapana. Alifanya kazi katika kiwanda cha soksi mpaka akastaafu. Hakulalamika, ila hakupenda kunawa mikono katika vyoo vya watu, kwa sababu ya kona.

Hatukucheka sana, lakini tulicheka. Kisha nikamwuliza habari za mama yake, nikitarajia kusikia msiba mwingine. Nila akasema yuko hai, macho hayaoni vizuri lakini masikio ni mazima, na kwamba saa hii kwao ni asubuhi, ameshakunywa chai. Hapo hapo akatoa simu. Alizungumza kwa lugha yao, polepole na kwa sauti kubwa, nami kati ya maneno hayo nikasikia jina langu mara mbili. Halafu akanipa simu, akanyanyuka, akatoka nje kwenda kutazama ndizi za mke wangu.

Nilisikia mtu akipumua upande wa pili.

"Mama," nikasema, "ni mimi, Muriuki. Kuna jambo nilipaswa kuwaambia."

Nilisikia simu ikisogezwa karibu zaidi na sikio.

"Sema," akasema.